Umeibiwa Zana za Useremala? Mwongozo Kamili wa Kuzitafuta, Kuzithibitisha na Kurudi Kazini

Fundi aliyeibiwa hufika kituoni na sentensi moja tu: "Nimeibiwa randa na patasi." Askari huandika, fundi huondoka, na baada ya wiki mbili hupita sokoni akaiona randa yake imelazwa juu ya gunia, asiwe na namna ya kumthibitishia yeyote kwamba ni yake. Nimewaona mafundi wengi wa Unguja wakikwama hapo hapo, na mimi mwenyewe nilikwama hapo mara ya kwanza banda langu lilipovunjwa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kukwama huko. Hatua zake karibu zote zinaelekea kwenye jambo moja, nalo ni kuweza kueleza, kwa maneno na kwa picha, kwa nini zana ile ni yako na si ya fundi mwengine.

## Vitu vya kuandaa

Vikusanye hivi kabla hujaanza kwenda huku na huku, kwa sababu kila safari ya kurudi nyumbani kufuata karatasi iliyosahauliwa inampa mwizi nafasi.

- Daftari jipya na kalamu. Usitumie daftari la hesabu za banda, kwani hili huenda likaombwa kituoni au mahakamani.
- Simu yenye kamera, pamoja na futi au rula ya kuweka pembeni ya kitu unachokipiga picha.
- Kitambulisho chako cha Mzanzibari Mkaazi au cha Taifa.
- Risiti zozote, hata za kinoo au za tupa, na picha zozote za kazi ulizowahi kufanya.
- Majina ya watu wawili wanaozijua zana zako kwa macho: fundi aliyekufundisha, kijana wa banda, au jirani aliyewahi kuziazima.
- Kufuli mpya. Mwizi aliyefanikiwa mara moja ameshajua njia na ameshajua kilichobaki.

Kwa hatua ya mwisho utahitaji pia betri ya volti 9, vipande viwili vya waya, chumvi, pamba, na chupa ya rangi ya kucha. Hivyo vinaweza kusubiri.

## Hatua ya 1: Simama mlangoni, usiingie

Ukifika bandani asubuhi ukakuta komeo limeng'olewa, mguu utataka kuingia kabla ya akili. Uzuie. Simama mlangoni, upige picha mlango, kufuli iliyokatwa, bawaba, na sakafu kama ilivyo. Vumbi la mbao ni shahidi mzuri mno, kwa kuwa hushika alama ya nyayo na huonyesha mahali kisanduku kilipoburutwa, lakini ushahidi huo hufutika mara tu majirani watano wanapoingia kukupa pole.

Kufuli iliyokatwa usiitupe. Kuvunja na kuiba hutazamwa kwa uzito zaidi kuliko kuchukua kitu kilichoachwa nje, na kufuli hiyo ndiyo inayoonyesha kwamba palivunjwa. Itie katika mfuko bila kuishikashika.

Tahadhari ni mbili. Usifagie mpaka askari awe amepaona mahali au amekuambia kwamba haji. Na usimpigie mtu kelele ya "mwizi" barabarani kwa sababu umemshuku tu, kwani kelele hiyo hukusanya watu wenye mawe na magongo, na damu ikishamwagika hakuna randa itakayoilipa.

Hatua hii imekamilika ukiwa na picha kumi hivi zilizopigwa kutoka mbali kuja karibu, na banda likiwa bado halijaguswa.

## Hatua ya 2: Andika orodha, na uiandike leo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka.

Kumbukumbu ya fundi iko mikononi. Ukikaa kwenye kiti na kujiuliza "nilikuwa na nini?", utakumbuka zana sita na kusahau kumi na nne. Kwa hiyo fuata kazi. Jifikirie unatengeneza fremu ya mlango tangu ubao ulipokuja na magome yake: unaupima kwa futi, unaukata kwa msumeno gani, unaupiga randa ipi kwanza na ipi baadaye, unachimba tundu kwa juba la upana gani, unachora ua la yungiyungi kwa bikari, kisha unashika bobari ipi, yaani patasi yenye makali ya mviringo, kuzungusha jani la ua. Kila mkono unaponyooka kufuata zana, andika. Mimi nilifanya hivyo nikiwa nimekaa juu ya gogo nje ya banda, nikatoka na zana ishirini na tatu, ilhali kabla ya hapo nilikuwa nimemwambia mke wangu kwamba zimekwenda kumi.

Kwa kila zana andika mambo matano: aina yake, jina la kiwanda na namba iliyopigwa juu yake, vipimo, kasoro zake, na matengenezo uliyoifanyia. Mawili ya mwisho ndiyo yenye thamani. Viwanda vimetoa randa za Stanley namba 5 kwa maelfu, zote zina urefu wa inchi 14 na kisu cha upana wa inchi 2, na patasi za Marples zilizotoka Sheffield, Uingereza, zimejaa katika masanduku ya mafundi wazee wa mwambao huu. Ukitaja jina na namba peke yake, umeielezea randa ya kila mtu. Kinachoitofautisha yako ni maisha iliyoishi mkononi mwako.

Tazama tofauti ya maelezo haya mawili ya zana moja.

Maelezo yasiyosaidia: "Randa moja ya chuma, ya zamani, nzuri."

Maelezo yanayosaidia: "Randa ya chuma, Stanley namba 5. Kishikio cha mbele ni cha asili, chenye ufa mwembamba uliozibwa kwa gundi. Mpini wa nyuma si wa asili, umechongwa kwa mti wa mpera, na upande wa kulia umelika mahali pa kidole gumba. Kona ya nyuma ya kushoto ya chuma cha chini imemeguka ukubwa wa punje ya mchele. Kisu kimebaki kifupi kwa kunolewa."

Maelezo hayo yalikuwa ya randa yangu, lakini jambo moja sikuliandika katika nakala za watu. Mpini ule wa mpera ulikuwa ukicheza, na babu yangu aliukaza kwa kipande cha bati alichokikata kwenye mkebe wa maziwa, kikawekwa chini ya mpini mahali ambapo hakionekani mpaka parafujo ifunguliwe. Hilo nililiandika katika daftari langu peke yake. Nawe fanya hivyo: kwa kila zana unayoithamini, bakiza alama moja ya siri usiyoitangaza wala kuisambaza kwenye simu. Mtu yeyote anaweza kusoma tangazo lako akaja kudai kwamba randa ni yake na kukariri ulichokiandika. Alama ya siri huijua mwenye mali tu, na ndiyo itakayokata maneno siku ya kubishana.

Zana zilizonyooka, kama patasi, zichore. Chukua kadibodi, uchore umbo la mpini kwa ukubwa wake halisi kadiri mkono unavyokumbuka. Mkono hukumbuka vizuri kuliko unavyodhani, hasa kwa bobari iliyosuguliwa na kiganja kimoja kwa miaka thelathini.

Halafu wapigie wateja wako wa karibuni. Watu siku hizi hupenda kupiga picha mlango wao ukiwa bado unachongwa, na pembeni mwa picha hizo, juu ya meza, zana zako zimelala bila mtu kuzikusudia. Mteja mmoja wa Bububu alinitumia picha ya mfaa wa mlango wake, na chini kabisa ya picha ilionekana randa yangu, mpini wa mpera na ufa wake, pamoja na tarehe.

Utajua orodha imekamilika ukimsomea mtu asiyekuwa fundi naye akaweza kuichagua zana yako kati ya tatu zinazofanana.

## Hatua ya 3: Kwa sheha, kisha kituoni

Ikiwa wizi unaendelea wakati huo huo, piga 112. Ikiwa umeshatokea, pita kwa sheha, yaani kiongozi wa serikali wa shehia yako, ukiwa njiani kwenda kituoni. Sheha anawajua wakaazi, anajua nyumba ipi imeanza kupokea wageni usiku na nani ameanza kuuza vitu visivyomhusu, na neno lake kwa polisi jamii wa mtaa hufika mahali ambapo askari wa zamu hafiki. Mwachie nakala ya orodha yenye namba yako ya simu, ile isiyokuwa na alama za siri.

Kituoni, usiridhike na kusimulia kwa mdomo. Omba orodha yako iambatanishwe na taarifa, kisha uulize namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, jina la mpelelezi atakayeshughulikia, na namna ya kumpata. Kufungua taarifa hakulipiwi.

Askari aliyenipokea mara ya pili alikuwa kijana mwenye adabu, lakini aliponiuliza, aliuliza kama wanavyouliza wote.

"Patasi si patasi tu, mzee?"

"Afande, hii ina pete ya shaba niliyoikata kwenye bomba la maji, na imenolewa upande mmoja kwa sababu mwenyewe hushika kwa kushoto."

Aliinua macho, akaichukua kalamu upya. Tangu hapo aliandika kila nilichosema.

Utakapoulizwa thamani, taja bei ya kununua zana ya aina ile leo. Usitaje bei aliyonunulia babu yako, na wala usiongeze kwa hasira, kwani bei isiyoaminika huharibu na yale yanayoaminika. Usitaje jina la unayemshuku kana kwamba umemwona, kama hukumwona. Sema ulichokiona, na dhana useme kwamba ni dhana.

Umefanikiwa ukitoka na namba ya RB iliyoandikwa, jina la mpelelezi, na hakika kwamba orodha imebaki ndani ya jalada.

## Hatua ya 4: Waambie wateja siku hiyo hiyo

Hatua hii ni fupi lakini mafundi huikimbia kwa aibu. Mteja aliyetoa arbuni akisikia habari kwa mtu mwengine, atadhani unatafuta kisingizio. Mpigie wewe mwenyewe, umtajie tarehe mpya iliyo ya kweli, na umpe hiari ya kurudishiwa fedha zake. Wengi watasubiri, na mmoja wao huenda akawa na jamaa anayeuza vyuma.

## Hatua ya 5: Zitafute mahali zinapogeuzwa fedha

Mwizi wa zana za mikono mara chache huwa fundi. Hajui kwamba bobari ile inachonga jani la ua. Anachojua ni kwamba ni chuma, na chuma kinauzika. Kwa hiyo zana huenda upande mmoja kati ya miwili: kwa wauza vitu vikuukuu wanaopanga bidhaa chini pembezoni mwa masoko, au kwa wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopima kwa kilo. Upande wa pili ndio wa kuukimbilia kwanza, kwa sababu kitu kilichopimwa kwa kilo kinaweza kupakiwa pamoja na chuma chengine na kuvushwa Bara, na baada ya hapo hakitafutiki tena.

Wapitie wanunuzi wa chakavu wa karibu na banda lako siku ile ile. Zungumza nao kwa heshima. Wengi wao ni watu wa biashara halali na hawataki jalada la polisi mlangoni kwao. Waambie kwamba umefungua taarifa, waachie karatasi yenye picha na namba yako, kisha uende zako. Kumtisha mtu kunamfundisha kuficha.

Kwa masoko, usiende siku moja ukaridhika. Nenda Darajani na Mwanakwerekwe kwa nyakati tofauti, asubuhi na jioni, na uendelee kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mwizi mwenye akili huzilaza zana nyumbani mpaka makelele yapoe. Tuma pia mtu asiyejulikana kama fundi. Sura yako huenda ikawa imeshajulikana. Ikiwa una jamaa Dar es Salaam, mtumie picha apite Kariakoo na Gerezani. Boti za kutoka Malindi hufika huko baada ya saa mbili hivi, na begi la patasi halimshangazi mtu. Pemba ni rahisi zaidi: huko Wete au Chake Chake, zana ya kuchongea milango ikitoka mkononi mwa mtu asiyekuwa seremala, habari hutangulia kabla ya mnunuzi.

Tumia pia makundi ya simu ya mafundi, lakini weka picha mbili tu za zana zinazotambulika kwa haraka. Tangazo lenye picha ishirini halisomwi na mtu.

## Hatua ya 6: Ukiiona, usiiguse kwa pupa

Nieleze kosa langu, maana ndilo lililonifundisha. Safari ya kwanza niliona juba langu kwa muuzaji mmoja, nikalinyakua, nikapaza sauti kwamba ni la wizi. Watu walikusanyika, muuzaji akaapa kwamba alilinunua kwa halali, nami sikuwa na RB mfukoni wala alama ya kuonyesha. Nililirudisha juu ya gunia. Kesho yake juba halikuwepo, wala muuzaji.

Safari ya pili, nilipoiona randa, nilifanya hivi.

Kwanza, nilipita kama mnunuzi. Nilimsalimu, nikauliza bei ya nyundo iliyokuwa pembeni, kisha nikaishika randa kwa utulivu nikaitazama kona ya nyuma ya kushoto. Ile punje ya mchele ilikuwepo. Nikaiweka chini, nikasema nitarudi baada ya sala ya alasiri.

Pili, nilisogea mbali, nikampigia mpelelezi nikamtajia namba ya RB na mahali nilipo. Nilimwacha mwenzangu karibu, akijifanya anachagua vitasa.

Tatu, askari walipofika, sikusema "hii ni yangu." Nilisema: "Afande, kabla hamjaifungua, naomba niseme kilichomo ndani." Nikataja kipande cha bati la mkebe wa maziwa, na upande wenye rangi ukiwa umeelekea chini. Askari akaazima bisibisi hapo hapo, akafungua parafujo, akaunyanyua mpini. Bati lilianguka juu ya gunia, likiwa limeingia kutu pembeni, na bado lilikuwa na rangi ya buluu ya mkebe. Muuzaji mwenyewe alitikisa kichwa, akasema, "Basi, mali ya mwenyewe," na akamtaja aliyemuuzia.

Wengi hupendelea kulipa ili yaishe. Naelewa kishawishi hicho, hasa bei inapokuwa ndogo kuliko nauli za kwenda kituoni. Lakini Zanzibar ina Sheria yake ya Adhabu, Namba 6 ya mwaka 2018, na kupokea mali ya wizi kwa kujua ni kosa chini yake. Ukinunua kimyakimya, aliyeiba hubaki huru, ushahidi hupotea, na banda lako huwa duka lisilolindwa ambalo linauza na kununua bidhaa ile ile.

Jiandae kwa jambo moja zaidi: zana iliyopatikana inaweza kuzuiliwa kuwa kielelezo mpaka kesi iishe. Muulize mpelelezi mapema kama inaweza kupigwa picha na kurejeshwa kwako kwa maandishi. Ukihitaji ushauri wa kisheria nawe huna uwezo wa kuulipia, kipo Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar, kilichoanzishwa mwaka 1992.

## Hatua ya 7: Vijana wa banda, na mambo ya Halbadiri

Mtu wa kwanza kushukiwa huwa ni kijana anayejifunza kazi, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na ufunguo. Pengine ni yeye, pengine alizungumza ovyo barazani bila kukusudia ubaya, na pengine hajui lolote. Muulize peke yake, mahali pa faragha, maswali ya kawaida: nani aliingia wiki hii, nani aliulizia bei ya randa, kufuli ilifungwa saa ngapi. Usimuulize mbele ya wenzake. Kijana aliyevunjiwa heshima bure haji tena kazini, na habari aliyokuwa nayo huondoka naye.

Utashauriwa na watu usomeshe Halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi, au uende kwa mganga akutajie jina. Kuhusu mganga nitasema wazi: jina linalotajwa na mganga si ushahidi popote, limewahi kuwatenga ndugu wa tumbo moja, na fedha utakazolipa zingenunua patasi mbili. Kuhusu Halbadiri, waulize masheikh unaowaamini, na usiitumie kama kitisho cha barabarani. Nimeshasikia zana zikirudishwa usiku na kuachwa mlangoni kwa hofu yake, na nimeshasikia pia zikitupwa baharini kwa hofu hiyo hiyo.

Na huzuni yako usiifanyie mzaha. Bobari aliyoishika baba yako ina umbo la kiganja chake, na kuipoteza si sawa na kupoteza simu. Wapo watakaokuambia "ni chuma tu." Usibishane nao; wao hawajawahi kuchonga.

## Hatua ya 8: Rudi kazini kwa zana chache

Usisubiri kisanduku kijae tena ndipo uanze. Kazi zilizosimama hukuumiza mara mbili, mfukoni na mikononi.

Nunua au azima kwa mpango huu: kwanza kinoo, kwa sababu zana yoyote ya kuazima itakuja ikiwa butu, kisha msumeno mmoja, randa moja, na patasi mbili, ya nusu inchi na ya inchi moja. Kwa hizo unaweza kumaliza fremu na meza. Ikiwa uko katika upatu, omba kupangwa mbele. Wenzako wakijua sababu, mara nyingi hukubali. Randa kuukuu yenye kutu ya juu juu isikutishe, maana kutu hiyo hutoka kwa siki na brashi. Usinunue yenye ufa katika chuma cha chini.

Bobari ndizo ngumu kupatikana madukani, na hizo unaweza kuzitengeneza. Tafuta springi bapa ya gari, ukate kipande, ukipashe moto na kukipinda umbo la mfereji, kisha uchonge makali kwa tupa. Baada ya hapo fuata hatua hizi bila kuziruka.

Pasha ncha kwenye makaa mpaka iwe nyekundu iliyoiva na sumaku ikatae kuishika. Sumaku huachia chuma kinapokaribia nyuzi 770 za Selsiasi, kwa hiyo endelea kupasha kidogo tu baada ya hapo. Izamishe ncha wima katika mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, yakiwa ndani ya mkebe mrefu wa chuma wenye kifuniko. Mafuta yanaweza kushika moto: fanya kazi nje, mbali na makuti, na ukiona mwali funika mkebe, usimwagie maji.

Ikishapoa, pitisha tupa juu ya makali. Ikiteleza bila kula, chuma kimekomaa, lakini sasa ni kikavu kama kigae na kitavunjika ukikigonga. Kisugue mpaka king'ae, kisha ukipashe polepole kutokea upande wa mpini, ukitazama rangi inavyotembea juu ya chuma. Rangi ya manjano kama ya nyasi kavu ikifika kwenye makali, kipoze mara moja. Ukiichelewesha ikawa buluu, makali yatakuwa laini na itakubidi uanze upya.

Mpini uchonge kwa mpera uliokauka. Bobari hii ni nzuri ikiwa itakata mkangazi kukata nyuzi bila kuzichana, na makali yakabaki mazima baada ya kuchonga ua moja zima.

## Hatua ya 9: Tia alama kwenye zana ulizobaki nazo

Usigonge herufi kwa nyundo kwenye mwili wa randa. Chuma chake ni cha kumiminwa, nacho hupasuka. Njia iliyo salama ni ya betri.

Paka rangi ya kucha mahali unapotaka alama, iache ikauke, kisha uandike herufi zako kwa sindano mpaka chuma kionekane. Koroga kijiko cha chumvi katika nusu glasi ya maji. Unganisha upande chanya wa betri kwenye zana, na upande hasi kwenye pamba iliyoloweshwa maji hayo. Gusa herufi kwa pamba kwa sekunde chache, inua, urudie kwa dakika moja au mbili. Pamba ikianza kuwa nyeusi, chuma kinalika, na ndivyo inavyotakiwa. Fanya kazi hii mahali penye hewa, usiitumie kwa chuma kisichoshika kutu, na ukimaliza osha vizuri, kausha, upake mafuta ya cherehani. Hewa yetu ya bahari ina chumvi ya kutosha bila wewe kuiongezea.

Weka alama mbili kwa kila zana: moja inayoonekana, ili imkatishe mnunuzi tamaa, na moja iliyofichwa, chini ya kisu au ndani ya tundu la mpini. Kwa patasi, kabla ya kukaza mpini mpya, sokota karatasi ndogo yenye jina lako uitie ndani ya tundu.

Kisha piga picha kila zana pande zote mbili, rula ikiwa pembeni na taa ikiwa imetoka ubavuni ili herufi zitoe kivuli, na uzitume kwa mtu mmoja unayemwamini, kwa sababu simu nayo huibiwa. Ukitaka kujua kama kazi imekamilika, mpe mwenzako daftari, wewe ukakae barazani; achukue zana yoyote kwenye kisanduku, akutajie aina yake tu, nawe umweleze kasoro yake na alama yake ya siri bila kuiona. Ukikwama kwenye hata moja, hiyo ndiyo ya kuandika upya leo.